Kuingia Zabbix kwenye kivinjari: mwongozo kamili, tangu anwani hadi siku mlango unapogoma

Usiku ule umeme ulirudi saa nane kasoro robo. Swichi ziliwaka, rauta ikawaka, lakini nusu ya jengo halikupata mtandao. Mimi na mwenzangu wa zamu tulisimama mbele ya raki, laptopu tumeiweka juu ya boksi la UPS, tukiandika jina la seva ya Zabbix kwenye kivinjari. Ukurasa haukufunguka. Tukaandika tena. Seva ilikuwa hai, feni zake tunazisikia. Kilichokufa kilikuwa DNS ya ndani, ile huduma inayogeuza majina kuwa anwani za IP, na kati yetu wawili hakuna aliyeikumbuka anwani ya IP. Tulipoteza dakika arobaini kutafuta kitu ambacho mtu angekiandika kwenye karatasi kwa sekunde kumi.

Tangu hapo nikimfundisha fundi mpya, naanza na kuingia. Wengi hufundishwa kusakinisha, kuongeza vifaa na kuchora grafu, halafu kuingia kunachukuliwa kama kubofya tu. Lakini chombo cha kufuatilia mtandao kina kazi kubwa zaidi siku mtandao umevurugika, na siku hiyohiyo ndiyo mlango wake huwa mgumu kufunguka. Kwa hiyo tuuandae mapema.

Natumia Zabbix kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo. Ni programu huria ya kufuatilia mtandao, iliyoanzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia. Ilitolewa kwa umma mwaka 2001, na kampuni inayoisimamia iko Riga tangu 2005. Haina ada ya leseni, na kwa ofisi au chuo chenye bajeti ndogo hilo ni jambo kubwa. Mifano yangu ni ya toleo 7.0, lile la msaada wa muda mrefu lililotoka Juni 2024. Palipo na tofauti na matoleo ya nyuma nitasema.

Ujue mlango wenyewe umeunganishwa na nini

Zabbix unayoiona kwenye kivinjari si kitu kimoja. Nyuma yake kuna vitu vitatu: programu ya seva inayokusanya taarifa za vifaa, hifadhidata (mara nyingi MySQL, MariaDB au PostgreSQL), na kurasa za wavuti zilizoandikwa kwa PHP zinazotolewa na programu ya seva ya wavuti, Apache au Nginx.

Sasa shika jambo hili, kwa sababu ndilo litakalokuokoa: unapoandika jina na nenosiri, kurasa za wavuti zinaiuliza hifadhidata moja kwa moja. Haziiulizi programu ya seva. Maana yake ni kwamba seva ya Zabbix inaweza kuwa imelala fofofo na wewe ukaingia vizuri tu, ukaona grafu nzuri za tangu asubuhi ambazo hazisogei. Na kinyume chake, seva ikiwa inafanya kazi lakini hifadhidata haijibu, hakuna atakayeingia hata awe na nenosiri sahihi kiasi gani. Fundi anayejua hili habahatishi. Anatazama alichoonyeshwa kwenye skrini na kujua aende kwenye kipi kati ya vitatu.

Anwani

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kuliko hata kwenye nenosiri. Kama Zabbix ilisakinishwa kwa vifurushi rasmi pamoja na Apache, anwani huwa hivi:

http://10.10.20.5/zabbix

Ukisahau hilo /zabbix la mwisho, utakutana na ukurasa wa kawaida wa Apache unaosema seva inafanya kazi, nawe utadhani Zabbix imefutika. Haijafutika. Ongeza neno hilo uendelee.

Kama ilisakinishwa pamoja na Nginx, mambo hugeuka. Mpangilio wa faili /etc/zabbix/nginx.conf kwa kawaida huiweka Zabbix kwenye mzizi wa tovuti, na wengi huacha poti 8080 iliyopendekezwa humo. Hapo anwani ni http://10.10.20.5:8080 peke yake, na ukiongeza /zabbix unapata 404, yaani ukurasa haupo. Waliotumia Docker (programu ya kuendesha mifumo ndani ya makontena) nao poti ya ndani ni 8080, ila ya nje inategemea aliyeiwasha aliipa ipi.

Poti 10050 na 10051 si za kivinjari. Ya kwanza ni ya ajenti, programu ndogo inayokaa kwenye vifaa vinavyofuatiliwa, ya pili ni ya seva yenyewe. Nimeona mtu akijaribu kufungua 10051 kwenye Chrome kwa robo saa kwa sababu ndiyo namba aliyoiona kwenye maelezo ya usakinishaji.

Anwani ikianza na https na kivinjari kikatoa onyo kwamba muunganisho si salama, usikimbilie kubofya "endelea". Kwenye mitandao ya ndani onyo hili mara nyingi hutokana na cheti kilichotengenezwa na seva yenyewe, na hilo si baya kama wewe ndiye uliyekitengeneza. Fungua maelezo ya cheti, linganisha alama yake ya utambulisho (fingerprint) na ile uliyoiandika siku ya usakinishaji. Zikilingana, kubali. Zisipolingana, usiandike nenosiri lako pale mpaka ujue kwa nini. Na kama anwani yako ni http tupu, elewa kwamba nenosiri linapita wazi kwenye waya. Mtu aliye mtandao mmoja nawe anaweza kulisoma. Weka https hata kwenye mtandao wa ndani.

Kuingia mara ya kwanza

1. Fungua kivinjari, andika anwani. Utaona kisanduku chenye sehemu mbili, "Username" na "Password", na kitufe cha "Sign in".

2. Kwenye jina andika Admin, kwa A kubwa. Kwenye nenosiri andika zabbix, herufi zote ndogo. Zabbix hutofautisha herufi kubwa na ndogo. "admin" kwake ni mtu mwingine asiyekuwepo.

3. Ondoa alama kwenye "Remember me for 30 days" kama ipo. Sababu nitaieleza.

4. Bofya "Sign in". Ukiona dashibodi, umeingia. Usianze kutazama grafu.

5. Nenda chini kabisa ya menyu ya kushoto, "User settings", kisha "Profile", kisha "Change password". Weka nenosiri refu usilolitumia popote pengine. Zabbix inataka angalau herufi 8 na hukataa maneno rahisi au yenye jina lako ndani; mimi nakushauri sentensi fupi ya maneno manne matano unayoweza kuiandika bila kutazama. Kwenye matoleo mapya, ukishabadilisha utatolewa nje uingie upya. Ni kawaida.

Hatua ya tano ifanye dakika hiyohiyo. Jina Admin na nenosiri zabbix yameandikwa kwenye maelezo rasmi ambayo dunia nzima inayasoma, na ni jambo la kwanza ambalo yeyote anayepita atajaribu.

Unaingia kwa simu? Angalia kibodi. Simu nyingi hukuza herufi ya kwanza ya jina zenyewe, na ukichagua neno lililopendekezwa huongeza nafasi mwishoni. Jina "neema" linageuka "Neema" lenye nafasi nyuma yake, nawe unaapa kwamba umeandika sahihi. Futa, andika herufi moja moja.

Kila mtu na akaunti yake

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona madhara yake. Sehemu moja niliyofanya kazi, mafundi sita walitumia Admin mmoja. Siku mtu alipozima tahadhari za kiungo kikuu, zikakaa zimezimwa wiki mbili, kumbukumbu zilionyesha "Admin" tu. Hakuna aliyeadhibiwa kimakosa, lakini kila mmoja alitazamwa kwa jicho la shaka, na kikundi hakikurudi kuwa kama zamani.

Ingia kama Admin, nenda "Users", kisha "Users", bofya "Create user". (Kwenye 6.0 sehemu hii iko chini ya "Administration".) Andika jina la mtumiaji, chagua kikundi, weka nenosiri la muda. Halafu usiondoke: fungua kichupo cha "Permissions" umpe wadhifa. Wa zamu anayetazama tu apewe "User role". Anayeongeza vifaa apewe "Admin role". "Super admin role" iwe ya watu wawili, si mmoja wala si kumi.

Kikundi ndicho kinachomwezesha mtu kuona vifaa. Mtumiaji wa kawaida asiyepewa ruhusa ya vifaa kupitia kikundi chake ataingia bila tatizo akakuta dashibodi tupu, kisha atakupigia simu akisema Zabbix imefuta kila kitu. Fungua "User groups", chagua kikundi chake, kwenye ruhusa za vifaa mpe angalau ya kusoma.

Humohumo kwenye kikundi kuna mstari unaoitwa "Frontend access". Ukiwa "Disabled", waliomo hawaingii kwenye kivinjari hata kidogo. Na mtu akiwa kwenye vikundi viwili, kimoja kinaruhusu na kingine kinakataza, kukataza ndiko kunashinda.

Akaunti ya mgeni, "guest", iache imezimwa. Kitufe cha kuingia kama mgeni kikionekana kwenye ukurasa wako, kuna mtu aliiwasha. Muulize alikuwa na sababu gani.

Kukaa ndani na kutoka

"Remember me for 30 days" hufanya kivinjari kikukumbuke mwezi mzima. Kwenye laptopu yako yenye nenosiri, sawa. Kwenye kompyuta ya chumba cha zamu inayotumiwa na wanne, hapana. Yule atakayefuata atafanya kazi kwa jina lako. Kwenye wasifu wako kuna pia "Auto-logout": weka dakika unazotaka, na ukikaa kimya muda huo unatolewa, isipokuwa ukurasa uliouacha wazi unajisasisha wenyewe. Skrini kubwa ya ukutani ifungulie akaunti yake yenye ruhusa ya kusoma tu, maana hiyo lazima ikae wazi usiku na mchana.

Hatua ya pili ya uthibitisho

Toleo 7.0 ndilo lililoleta uthibitisho wa hatua mbili ndani ya Zabbix yenyewe. Unauwasha "Users", "Authentication", kichupo cha "MFA settings", unaongeza njia ya TOTP (misimbo ya muda mfupi inayotolewa na simu), kisha unaielekeza kwenye kikundi. Mtumiaji akiingia mara inayofuata ataona alama ya QR. Ataipiga kwa programu ya misimbo kwenye simu yake, ataandika tarakimu sita, basi. Kuanzia hapo kila kuingia kunahitaji nenosiri na msimbo.

Misimbo hii hubadilika kila sekunde 30 na hutegemea saa. Seva iliyozimika kwa umeme na betri ya ubao wake imechoka huamka na saa iliyorudi nyuma, na misimbo yote inakataliwa. Kila mtu atalaumu simu yake. Wewe ingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuiamrisha seva ukiwa mbali), andika timedatectl, utazame kama saa imelingana na ya dunia. Weka seva ya saa ndani ya mtandao wako. Usitegemee ya nje peke yake. Aliyepoteza simu, Super admin anaweza kumfutia siri ya TOTP kwenye orodha ya watumiaji naye akaanza upya.

Kuingia ukiwa nyumbani

Usiufungue ukurasa wa Zabbix kwa intaneti yote. Najua inavyovutia: unafungua poti moja kwenye rauta, unaona grafu ukiwa kwenye daladala. Lakini mapema 2022 lilitangazwa kosa lenye namba CVE-2022-23131: kwenye mitambo iliyotumia kuingia kwa njia ya SAML (kuthibitishwa na huduma nyingine ya utambulisho), mtu wa nje aliweza kughushi taarifa za kikao ndani ya kuki akaingia kama Admin bila nenosiri. Idara ya usalama wa mitandao ya Marekani, CISA, ililiweka kwenye orodha ya makosa yanayotumiwa na wavamizi Februari mwaka huohuo. Waliokuwa na ukurasa wao nyuma ya VPN walipata muda wa kusasisha kwa utulivu.

Njia nyepesi, kama tayari unafika kwenye seva moja ya ndani kwa SSH, ni hii:

ssh -L 8080:10.10.20.5:80 fundi@lango

Amri hii inafungua poti 8080 kwenye laptopu yako na kuipeleka kwa njia iliyofumbwa hadi kwenye Zabbix. Acha dirisha hilo wazi, fungua kivinjari, andika http://localhost:8080/zabbix. Kama Zabbix yako inatumia https, badilisha 80 kuwa 443 na uanze anwani kwa https.

Kwa matumizi ya kila siku, VPN ya WireGuard ni raha zaidi, na simu inaiweza. Ila kama ofisi yako inatumia rauta ya laini ya simu, huenda huna IP yako peke yako. Mtoa huduma anawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja, na huwezi kugonga kutoka nje. Suluhisho ni kuweka seva ndogo yenye IP ya umma mahali pengine, halafu vifaa vya ofisi viianzishe VPN kutoka ndani kuelekea huko.

Mlango ukigoma

Soma maandishi kwenye skrini kwanza. Yasome yote.

Likija "Incorrect user name or password or account is temporarily blocked", acha kujaribu. Kwa mpangilio wa kawaida, makosa matano hufunga akaunti kwa sekunde 30. Anayebonyeza kwa hasira kila sekunde anajifungia tena. Hesabu dakika moja kamili, andika nenosiri kwenye sehemu ya jina ulione kwa macho (mtu asiwe nyuma yako), likate, libandike mahali pake, kisha andika jina.

Ukiingia na kukuta mstari unaosema "Zabbix server is not running", ni ile hali niliyoeleza mwanzo: hifadhidata iko hai, seva haipo. Angalia systemctl status zabbix-server, na usome mwisho wa /var/log/zabbix/zabbix_server.log.

Ukiona 502, Nginx iko hai lakini PHP imeanguka. Washa upya php-fpm.

Ukurasa ukilalamika kuhusu hifadhidata, kabla ya kugusa chochote andika df -h. Mara nyingi nilizoitwa kwa tatizo hili, diski ilikuwa imejaa. Zabbix huhifadhi historia ya kila kipimo, na aliyesakinisha hakupanga ikae siku ngapi. Usifute faili za hifadhidata kwa mkono! Futa faili za kumbukumbu za zamani kwenye /var/log upate nafasi ya kupumulia, washa hifadhidata, ingia, kisha punguza muda wa kutunza historia.

Ukikutana na ukurasa wa kukaribishwa kwenye usakinishaji, "Welcome to Zabbix", ilhali mfumo wako una miaka, usibofye "Next step". Faili la /etc/zabbix/web/zabbix.conf.php limepotea au halisomeki. Lirudishe kutoka kwenye bekapu.

Na nenosiri la Admin likisahaulika kabisa? Linarekebishika, mradi una ruhusa ya kuingia kwenye seva na hifadhidata yake. Chukua bekapu kwanza. Kisha:

htpasswd -nBC 10 Admin

Itakuuliza nenosiri jipya mara mbili, halafu itatoa mstari unaoanza na Admin, nukta pacha, na maandishi marefu yanayoanza na $2y$10$. Nakili kuanzia $2y hadi mwisho. Ingia kwenye MySQL kwa amri mysql -u root -p zabbix, na ukiwa humo ndani andika:

UPDATE users SET passwd='hapa bandika', attempt_failed=0 WHERE username='Admin';

Ifanye ndani ya MySQL, usiipachike kwenye amri ya terminali yenye alama za kunukuu mbili, kwa sababu terminali itazimeza zile alama za dola na nenosiri litaharibika bila kukuambia. Kwenye matoleo ya kabla ya 5.4 safu haiitwi username bali alias.

Akaunti moja isiyotegemea mtu

Ofisi nyingi huunganisha kuingia na LDAP (orodha kuu ya watumiaji wa ofisi) au SAML, mtu awe na nenosiri moja kwa kila kitu. Ni vizuri. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kusini mwa pwani yetu, na intaneti ya Tanzania na majirani ikadorora. Siku kama hiyo, kama kuingia kwako kunapitia huduma iliyoko ng'ambo, unaweza kubaki nje ya mlango wa seva iliyo mita tatu kutoka miguuni pako.

Tengeneza kikundi ambacho "Frontend access" yake ni "Internal", yaani nenosiri linakaguliwa na Zabbix yenyewe, weka humo akaunti moja ya Super admin ya dharura. Nenosiri lake liandike, litie kwenye bahasha iliyofungwa, bahasha iwekwe kwenye kasha la ofisi. Na ndani ya mlango wa raki bandika karatasi yenye IP ya seva, poti, na kama kuna /zabbix au hakuna. Nenosiri lisiwe kwenye karatasi hiyo.

Kisha chagua Jumamosi moja ofisi ikiwa tupu. Chomoa kebo ya intaneti kwenye rauta, zima DNS ya ndani, kaa mbele ya raki na laptopu isiyowahi kufungua Zabbix, na ujaribu kuingia kwa kusoma ile karatasi tu. Ukishindwa mahali, rekebisha karatasi palepale. Ukiingia, nenda "Reports", kisha "Audit log", uone kuingia kwako kumeandikwa kwa jina la akaunti ya dharura na saa sahihi. Bofya "Sign out", weka nenosiri jipya kwenye bahasha mpya, washa DNS, rudisha kebo.